Kila Sauti na Njia Yake

Saumu alitolewa kwenye nyumba ya kampuni siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, watu wote wakiwa shambani ili asiwepo wa kushuhudia. Walinzi wa kampuni walimtolea kitanda, wakamtolea sufuria mbili na jiko la mkaa lililokuwa bado na moto, wakatia kufuli jipya. Kosa lake lilikuwa wimbo. Msimamizi alipita chini ya mstari wa wachumaji akasikia ubeti unaolitaja tumbo lake, akakisia kuwa sauti ni ya Saumu. Haikuwa ya Saumu. Wachumaji wote wa shamba la Kwamtindi walijua hivyo, na hakuna aliyesema ilikuwa ya nani. Saumu mwenyewe hakusema. Alibeba kitanda chake hadi kwa dada yake Malindi, ile ya huku milimani, ng'ambo ya mto.

Asiyejua na ajue: kwenye mashamba ya chai ya kule juu wanawake huchuma kwa mistari, na mstari huimba. Kiitikio hakikatiki. Mwenye jambo la kusema hulitumbukiza ndani ya kiitikio hicho, na pale anapoanza wenzake hupandisha sauti wamfunike. Akifika kipande cha pili wameshaupokea ubeti watatu, wanne. Hakuna anayegeuza kichwa. Ukiuliza nani kaimba, unajibiwa, "Mstari ndio ulioimba." Jibu hilo liliwashinda Wajerumani, likawashinda Waingereza, likalishinda na shirika la umma lililokuja na bendera likaondoka na mabati. Sasa palikuwa na mwekezaji. Mwaka tisini na sita aliuziwa shamba, kiwanda na watu waliokuwamo, kwa bei ambayo hadi leo hakuna mwananchi aliyeonyeshwa. Naye jibu lilikuwa linamshinda. Ndiyo maana Saumu aliondolewa kwa kukisia.

Kristofa alimsaidia Saumu kuvusha kitanda mtoni. Alikuwa na miaka hamsini na miwili. Miaka ishirini na mmoja alikuwa fundi umeme wa kiwanda, hadi ilipokuja barua ya kupunguzwa. Na kwa muda wote huo alikuwa mwalimu wa kwaya ya usharika, kazi isiyo na mshahara. Nyumba aliyokaa, vyumba viwili na jiko la nje, ilikuwa imeandikwa kwa namba ya uchumaji ya mkewe, Secilia. Secilia akifutwa, nyumba imefutwa. Na binti yao Glory, aliyebakiza wiki chache afanye mtihani wa darasa la saba kwenye shule ya shamba, angeufanyia wapi? Ndugu pekee wa kuwapokea alikuwa Mnazi, huko chini kwenye joto, mwendo wa siku nzima.

Hayo Kristofa aliyajua vizuri, na aliyajua hata siku aliyokwenda Lushoto kuchagua mashine ya kurekodia kwaya.

*

"Hii ndogo," alisema Salimu, akiipangusa kwa kipande cha kanga, "unaiweka mezani, unabonyeza, basi. Ina maiki zake mbili tumboni, inakula betri sita. Inasikia kama wewe unavyosikia. Hela mliyo nayo inatosha, unaondoka nayo leo."

Salimu alikuwa fundi redio karibu na soko. Chumba chake kilijaa redio zilizokufa hadi darini. Mipaka ilikuwa imefunguliwa, kila kitu ruksa, na yeye alikuwa amerudi kutoka Kariakoo na mashine mbili za kurekodia, zimefungwa kwenye blanketi kama watoto mapacha. Kwaya nazo zilikuwa zimeamka: usharika usiokuwa na kaseti yake sokoni ulionekana umelala. Kwaya ya Kwamtindi ilikuwa imelima viazi misimu miwili kwa ajili hiyo.

"Na hii kubwa?"

"Hii ni ya watu wa studio, mwalimu. Ina njia nne. Maiki nne, nyaya nne, kila moja inaandika pembeni yake kwenye kaseti hii hii ya kawaida. Mkimaliza kuimba unakaa nyumbani, unasema sauti ya nne imezidi, unaishusha. Ya pili imefifia, unaipandisha. Betri ya gari inaiendesha. Lakini bei yake ni ya ndogo mbili kwa pamoja."

Kristofa hakuigusa tena ile ndogo. Alikuwa na kidonda cha miaka kumi na sita. Mwaka themanini na mbili walikuja watu na gari la kurekodia, wakaning'iniza maikrofoni moja katikati ya kanisa, wakaondoka. Kaseti ilipopatikana, besi walisikika kama ng'ombe waliofungiwa ndani, na sauti ya pili haikusikika kabisa. Wanawake sita walikuwa wameimba hadi mishipa ikawatoka, na kwenye kaseti hawapo.

"Inashika zote nne kwa mpigo mmoja?" aliuliza. "Maana kuna za kudanganya. Zina njia nne, lakini kwa wakati mmoja zinashika mbili tu, nyingine mbili unaongezea baadaye. Kwaya haiimbi kwa mafungu."

"We mgosi, haya umeyasoma wapi?"

"Kwenye gazeti la Kizungu lililofungiwa sabuni."

Salimu alicheka. Akapanga redio nne zilizokuwa hai, kila moja akaifungulia stesheni yake, kila moja na maiki mbele yake. Taarifa ya habari, mpira, taarabu, na mtu akitangaza mabati. Wakarekodi dakika mbili za fujo. Kisha Kristofa akarudisha kaseti nyuma, akavaa hedifoni, akashika vile vitufe vinne vya kuteleza juu na chini. Alishusha vitatu. Fujo ikakatika, akabaki na taarabu peke yake, fidla na mwanamke, kama vile wamehamia chumba kingine na kufunga mlango. Akabadilisha. Mabati peke yake. Akabadilisha. Alipovua hedifoni macho yake yalikuwa yamelowa.

"Ingefaa mahakamani hii," alisema Salimu. "Kila shahidi na kibanda chake. Lakini sikiliza ushauri wangu, mwalimu, ingawa nakosa biashara. Chukua ndogo. Ni yenu, hamtamwomba mtu. Kwaya ni kitu kimoja, kiacheni kisikike kitu kimoja."

"Kitu kimoja ndicho kilichotuua mwaka themanini na mbili."

"Hiyo nusu ya pili ya hela utaitoa wapi?"

Kristofa alikuwa anakunja waya wa maikrofoni taratibu, kwa upendo, kama anayesuka nywele za mtoto. "Nitaiomba kampuni," alisema.

*

Afisa utumishi wa kampuni aliitwa Ibrahimu. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu, shati jeupe na kalamu mbili mfukoni. Kristofa alisimama mlangoni akasema, "Shikamoo."

Kule milimani shikamoo si neno la mchezo. Mdogo humpa mkubwa, na mtu mzima akiamkiwa kimakosa na mkubwa wake huruka akakataa, akasema usinilaani. Ibrahimu hakuruka. Alisema, "Marahaba, mwalimu," akaendelea kuandika. Kristofa alisimama dakika kama kumi akiitazama kofia yake mwenyewe mikononi.

Kampuni ilikubali. Kampuni hupenda kukubali mambo ya aina hiyo, kwani hayana posho ya likizo ndani yake. Masharti yalikuwa matatu. Jina la kampuni liandikwe kwenye ganda la kaseti. Uwepo wimbo mmoja wa kuishukuru kampuni. Na mashine, ikishafanya kazi yake, ikae kwenye stoo ya ofisi, kwa usalama.

"Wimbo wa shukrani upo," alisema Kristofa haraka. "Tutautia kwenye mahadhi ya shambani. Watu wanaupenda."

"Vizuri. Na huyo anayewatungia wachumaji wetu zile nyimbo nyingine, mwalimu, humfahamu?"

"Ni mstari, bwana afisa."

"Ndiyo," alisema Ibrahimu, akafunga faili. "Nimeshasikia habari za huyo mstari."

*

Secilia alikuwa amekaa uani akisugua vidole kwa limau kutoa weusi wa chai. Kristofa alikuwa anamweleza kwa mara ya nne, akichora chini kwa kijiti.

"Kwa hiyo inatenganisha sauti," alisema Secilia.

"Inatenganisha."

"Sauti za watu?"

"Sauti nne, mama Glory. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Kila sauti na njia yake."

"Na sisi wa sauti ya pili tuko sita."

"Mko sita, njia moja."

"Haiwezi kumtoa mmoja kati ya sita."

"Mmoja? Ingehitaji maikrofoni sita kwa ninyi tu! Mashine hiyo haijatengenezwa hata huko Japani." Akacheka.

Secilia hakucheka. Aliinua vidole akavitazama kwenye mwanga. "Una hakika, baba Glory?"

"Nimeijaribu kwa mikono yangu."

Lugha yetu hii ina neno moja kwa vitu viwili. Sauti ni fungu la kwaya, na sauti ni koo la mtu. Secilia aliuliza kama mchumaji, Kristofa akajibu kama mwalimu wa nota, na kila mmoja akaridhika kuwa ameeleweka. Rahabu, jirani yao na mwenzake Secilia kwenye mstari, alikuwa anasubiri nje ya ua na kikapu chake mgongoni.

"Kasemaje?" Kristofa alimsikia akiuliza.

"Kasema haiwezi."

"Haiwezi kabisa?"

"Kasema kaijaribu."

Kristofa alidhani wanazungumzia muziki. Alirudi kwenye kuchora mahali pa kusimama kila mtu.

*

Sikukuu ya mavuno iliangukia Jumapili ya jua kali, ukungu ulishaondoka tangu saa tatu. Mabenchi yalitolewa nje. Mbele palikaa malenge, viazi, migomba mizima na kuku wa kunadiwa. Upande wa kulia, kwenye viti vya plastiki, alikaa Ibrahimu na karani wa mizani na wasimamizi. Mwekezaji hakuja. Alituma salamu.

Kristofa aliijenga mitambo yake chini ya mwavuli. Maikrofoni tatu aliziweka hatua moja kutoka kwa waimbaji. Ile ya sauti ya pili aliisogeza. Alijua wale wanawake sita: watano wanamfuata Secilia, asiposikika wanapotea. Kwa hiyo aliisogeza hadi ikabaki shubiri moja kutoka mdomoni mwa mkewe. Huo ulikuwa uamuzi wa fundi, na ulikuwa sahihi. Mwaka themanini na mbili haukupaswa kurudi.

Nyimbo sita zilikwenda vizuri. Sindano nne ndogo za kupimia sauti kwenye uso wa mashine zilipanda na kushuka pamoja kama wachumaji wanaoinama. Katika hedifoni alisikia vyote kwa pamoja, na kwa pamoja vilikuwa vizuri kiasi kwamba alisahau ana njaa. Ukaja wimbo wa saba, wa shukrani. Kiitikio kikashika, twashukuru, twashukuru, kwa mahadhi yale yale ya mstarini; watu wakaanza kupiga makofi. Kikapanda. Kikapanda kuliko alivyokifundisha. Na ndani yake, kama samaki ndani ya maji machafu, ukapita ubeti ambao hakuufundisha:

Mizani ina mimba,
yala kilo mbili kwa siku;
itajifungua lini
tumjue baba yake?

Kila mtu pale alijua kilo mbili. Zilikatwa kila siku kwenye kikapu cha kila mchumaji, ati ni za maji na gunia, hata siku ya kiangazi ambayo majani yamekauka. Uwanja ulilipuka. Wazee walishikana mabega. Mtu aliangusha kuku. Karani wa mizani alitazama viatu vyake. Ubeti ulirudiwa, na mara hii waliuimba kwaya nzima, na benchi za nyuma, na watoto. Ibrahimu naye alipiga makofi, polepole, akitabasamu.

Kristofa hakugeuza kichwa. Alikuwa amekulia Kwamtindi. Lakini macho yake yalikuwa kwenye mashine, na pale ubeti ulipoanza aliiona sindano ya pili ikiruka peke yake hadi kwenye wekundu, na nyingine tatu zikibaki chini. Aliiona. Akayaondoa macho yake haraka, akaangalia malenge.

Ibada ilipokwisha tu, walinzi wawili walikuja na mkokoteni kuichukua mashine, na kaseti ikiwa bado ndani.

Njiani kurudi nyumbani Kristofa alisema, "Mama Glory."

"Abee."

"Ule ubeti."

"Mstari ndio ulioimba, baba Glory," alisema Secilia, na usoni mwake kulikuwa na furaha ambayo Kristofa hakuwa ameiona tangu barua ya kupunguzwa. Hakuweza kuizima. Hilo ndilo kosa la pili la Secilia, ukianza kuhesabu na ule ubeti.

*

Jumatatu asubuhi Kristofa aliitwa ofisini kuonyesha mashine. Alikwenda na nia moja, ameishika kama mtu aliyeshika yai: atapiga wimbo wa kwanza, njia zote nne zikiwa juu, atashukuru, ataomba kaseti akaitengeneze nyumbani, ataondoka. "Shikamoo," alisema. "Marahaba," alisema Ibrahimu.

Alipiga wimbo wa kwanza. Ibrahimu alisikiliza huku ameegemea kiti, kisha akapiga miayo.

"Mwalimu, mbona inasikika kama redio yangu ya nyumbani? Kampuni imetoa hela nyingi. Nimeambiwa kulikuwa na nyingine ndogo, ya bei poa. Tungeandika nini kwenye ripoti? Kwamba fundi wetu mstaafu alitaka kitu kikubwa kwa kuwa ni kikubwa?"

Hapo yai likaponyoka. Mpige Kristofa kofi, atakaa kimya. Mlaze na njaa, atakaa kimya. Alikuwa amekaa kimya kwa barua yenye mistari minne baada ya miaka ishirini na mmoja. Lakini asiambiwe kwamba hajui kuchagua mashine.

"Sivyo, bwana afisa. Sikiliza hapa." Akashusha vitufe vitatu. Besi wakabaki peke yao, wanene, safi, kila neno limesimama. "Hii ndogo haiwezi. Hakuna redio inayoweza." Akawaondoa besi, akawaleta wanaume wa sauti ya tatu. "Unaona? Kila moja na njia yake. Ukitaka hii, unapandisha hii. Ukitaka ile, unashusha hizi."

"Ebu," alisema Ibrahimu, akisogeza kiti. "Ni rahisi hivyo? Hata mimi?"

"Hata mtoto."

Ibrahimu aliweka kidole. Alishusha, akapandisha. Alikuwa mwanafunzi mwepesi. Kisha, bila kuuliza kitufe cha kupelekea kaseti mbele kiko wapi, kwa sababu hicho kinafanana kwenye kila redio duniani, akaipeleka mbele. Akasimamisha, akasikiliza, akapeleka tena. Twashukuru, twashukuru.

"Bwana afisa, hapo hapajatengenezwa."

Ibrahimu alishusha njia ya kwanza. Akashusha ya tatu. Akashusha ya nne.

Na mle ofisini, kati ya kabati la faili na kalenda ya mbolea, akaingia Secilia. Alivuta pumzi kwanza. Wenzake watano walikuwa nyuma yake kwa mbali, wameshikilia kiitikio chao kwa uaminifu wote, na yeye mbele, karibu, kama anayemnong'oneza mtu sikioni. Secilia alikosa jino la mbele tangu alipoanguka na kikapu miaka mitano nyuma, na herufi ya s ilimtoka na mluzi mwembamba. Ndani ya mstari mluzi huo haukuwahi kusikika. Kwa sssiku, ilisema mashine.

Mkono wa Kristofa uliruka ukavipandisha vile vitufe vitatu. Kwaya ikarudi, ikamfunika. Ibrahimu hakugombana. Kwa kidole kimoja alivishusha tena, kimoja baada ya kingine, jinsi alivyofundishwa.

"Nani huyu, mwalimu?"

"Ni mstari, bwana afisa."

"Mstari una pengo?"

Kristofa alianza kukunja waya wa hedifoni.

"Huwa ananijibu kwa namba yake kwenye kuitwa majina. Sssaba sssifuri nne." Ibrahimu alizima. Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililomtisha Kristofa. "Kazi ya shambani ni ya siku, unajua. Siku yake imekwisha, hakuna aliyemfukuza. Sasa tuzungumze habari ya kaseti. Bosi anataka awape wageni wake kule Dar, jina la kampuni limo. Hapo pasafishwe."

"Bwana afisa, nina mtoto wa mtihani."

"Najua. Glory. Safisha hapo, mkae kwenye nyumba hadi amalize mtihani. Ukishindwa, mnatoka leo."

"Naomba uniandikie."

"Mwalimu." Ibrahimu alimtazama kwa masikitiko. "Huniamini?"

Ilimchukua saa nzima. Kufuta njia moja na kuziacha nyingine ni kazi rahisi: unachomoa maikrofoni, unaiambia ile njia irekodi, nayo inarekodi hakuna kitu. Alirudisha nyuma, akahesabu mapigo, akabonyeza mahali Secilia alipovuta pumzi, akaachia palipoisha maneno "baba yake". Kisha ile ya marudio, ambayo kwaya nzima iliimba, akaifuta kwenye njia zote nne, wimbo ukaishia hapo. Ibrahimu alitoka mlangoni mara moja, akarudi akawa anakunywa chai, ya Kenya, ya kwenye mfuko. Kristofa alivaa hedifoni kuhakikisha. Akasikiliza mara moja. Akasikiliza tena, ameikandamiza hedifoni masikioni kwa viganja. Akavua.

"Pamesafishika?"

"Ndiyo," alisema Kristofa.

*

Kitanda kilikuwa nje. Meza ilikuwa nje, na sufuria, na daftari za Glory zimefungwa kwa kamba ya katani. Walinzi walikuwa wameshatia kufuli. Rahabu alisema walikuja saa nne; na saa nne Kristofa alikuwa bado ofisini anahesabu mapigo.

"Alisema hadi mtihani," alisema Kristofa. "Mbele yangu. Alisema kwa mdomo wake."

Rahabu alikuwa amekwishachukua zile daftari. "Glory atalala kwangu," alisema. "Wakitaka wanitoe na mimi. Nenda, shemeji, nenda kafungeni kitanda, gari la mbao linaloshuka Mombo halisubiri mtu."

Secilia alikuwa amevaa nguo za shambani. Walikuwa wamemwita jina asubuhi kama kawaida, akaitika, akachuma; halafu wakaja walinzi wakamwambia aondoke kwenye mstari. Wanawake arobaini waliinamia chai, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyeimba. Hayo alimweleza Kristofa huku anakunja godoro, kwa sauti ya kawaida.

"Ni kwenye mashine walinijua."

"Ni mimi niliyemwonyesha," alisema Kristofa. "Aliniambia sijui kuchagua."

Secilia aliliweka goti juu ya godoro, akavuta kamba, akafunga fundo. Akafunga na la pili, Kristofa akitamani angempiga.

"Na hiyo kaseti?"

"Wamenifutisha. Nimekufuta." Kulikuwa na kitu alichokibeba tangu ofisini, amekificha, na njia nzima alikuwa anafikiri jinsi atakavyokitoa. Akasogea karibu. "Lakini hukufutika wote, mama Glory. Zile maiki nyingine tatu zilikudaka. Wa sauti nyingine walikuwa karibu na wewe, sauti yako iliingia kwenye njia zao. Ukitulia sana unaisikia, kwa nyuma kabisa, mbali. Ubeti wote upo. Kaseti inakwenda Dar na wewe umo ndani."

Secilia aliinua uso akamtazama.

"Ibrahimu anajua?"

"Hajui."

"Basi usije ukamwonyesha na hilo," alisema. "Shika upande huo, tuondoke."